Karani Aliyemiliki Tetemeko la Ardhi

Gari dogo la kampuni lilikuwa limesimama kando ya barabara ya Tagaytay, taa zote zikiwaka ingawa ilikuwa saa tatu asubuhi, na dereva alikuwa akigombana na simu yake. Simu ilisisitiza kwamba lango la hoteli liko mkono wa kulia. Mkono wa kulia palikuwa na ukungu, na ndani ya ukungu, kwa jinsi nilivyosikia, palikuwa na ng'ombe. Nimeishi Manila miaka kumi na minne na kilima hiki nimekipanda mara nyingi kufuata supu, lakini upande huu wa hoteli za semina nilikuwa sijaukanyaga.

"Mang Ponso!" dereva akaita bila kugeuka. "Wewe si ndiye mwenye vihatarishi vyote? Hiki cha kupotea njia hukuwa nacho?"

"Ninacho," akajibu mzee aliyeketi kando yangu. "Namba thelathini na nne. Ajali na usumbufu katika safari za kikazi."

"Kumbe! Basi kosa ni lako, si langu."

Gari zima likaangua kicheko. Mzee naye akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyekwisha kuona kwamba kucheka na wanaokucheka kunapunguza muda wa kuchekwa. Kisha akakumbatia bahasha ya plastiki iliyokuwa mapajani mwake, kama abiria akumbatiavyo kuku wake.

Jina lake kamili ni Ildefonso Manlapig. Ofisini wote humwita Mang Ponso, maana ana miaka sitini na hakuna aliye mdogo kwake atakayethubutu kumwita jina tupu, hata anapomdharau. Alikuwa karani wa masjala katika kampuni ya bima ya afya huko Ortigas, mtaa wa maofisi wa Manila, na kesho yake, Ijumaa, ndiyo iliyokuwa siku yake ya mwisho kazini. Mimi nilikuwa nimekodiwa kuandika taarifa ya semina. Ni kazi ya aibu, lakini inalipa.

Sitajifanya kwamba nilimheshimu. Nimekaa na makarani wa bandari, wa mahakama na wa misikiti, katika miji ambayo siwezi kuihesabu, na wengi wao walikuwa na ujeuri fulani, angalau wa kukuficha faili. Mang Ponso hakuwa nao hata huo. Ukimwomba kiti chake anasimama. Ukimwomba samahani kwa kumkanyaga, anakuomba yeye radhi. Na unyonge huo ndio uliomfanya awe, kwa karatasi, mtu wa kutisha kuliko wote katika kampuni ile.

Ilikuwa hivi. Miaka kumi na miwili nyuma, ofisi ya serikali inayosimamia bima iliagiza kila kampuni iwe na daftari la vihatarishi: orodha ya mabaya yote yanayoweza kuikuta kampuni, kila baya na mwenyewe. Mwenyewe ndiye anayetakiwa kulichunga, kulizuia na kulijibu siku litakapotokea. Ukaletwa mshauri kutoka ng'ambo, mwenye viatu vya ncha, akafundisha siku tatu na kuondoka na mavuno ya mwaka. Mabaya yakapatikana upesi, arobaini na moja. Hospitali kukosa barua za idhini kutoka kwa kampuni na mgonjwa kukataliwa mlangoni. Siri za wagonjwa kuvuja. Madaktari kughushi madai. Maradhi ya mlipuko. Kimbunga. Tetemeko la ardhi. Wenyewe ndio hawakupatikana. Kila bosi alikuwa na safari, au alikuwa na maoni kwamba jambo hilo hasa ni la idara nyingine.

Mang Ponso ndiye aliyekuwa akipiga chapa. Na lile daftari la kwenye kompyuta lilikuwa na tabia moja: sanduku la mwenyewe likiwa tupu, linakataa kuhifadhi.

"Weka jina lako kwa sasa," akaambiwa.

Akaweka. Hiyo "kwa sasa" ikadumu miaka kumi na miwili.

Basi karani ambaye hakuwa na ruhusa ya kuagiza wino bila saini tatu akawa mmiliki wa tetemeko la ardhi. Kila baada ya miezi mitatu alijiandikia barua, yeye kama katibu wa kamati akimwuliza yeye kama mwenyewe: hali ya kihatarishi chako ikoje? Kisha akajijibu: ni shwari. Akapaka ramani ya rangi, kijani, kijani, kijani, na viwili vya njano ili ionekane kuna aliyefikiri. Kamati ikakaa, ikala vitafunio vya saa kumi, ikampongeza mmiliki kwa kujibu mapema. Watu hawa, msomaji, ndio wanaopima kwa pesa hatari za figo lako na moyo wako. Ndio wanaokukatalia matibabu kwa sababu hukusoma maandishi madogo ya ukurasa wa tisa.

Kustaafu kwake ndiko kulikoharibu mambo. Jina lake likifutwa kwenye orodha ya wafanyakazi, daftari zima lingegoma, na Jumatatu lilikuwa linapelekwa serikalini. Kwa hiyo Madamu Weng, mkuu wa idara ya vihatarishi, akaongeza mstari kwenye fomu ya kuondokea, ile ambayo kila anayeacha kazi Manila huzunguka nayo kukusanya saini kama mtoto anayekusanya mchango. Mstari ulisema: vihatarishi vyote vimekabidhiwa na kupokelewa kwa saini.

Bila fomu hiyo, mkewe angekufa. Sisemi hivyo kunogesha. Consolacion, mke wa Mang Ponso, alikuwa akisafishwa damu mara tatu kwa wiki kwa bima ya mumewe. Kanuni ya kampuni ilisema mke wa anayestaafu anaweza kuhamia bima yake binafsi bila kupimwa, endapo fomu imekamilika na kupokelewa kabla ya saa kumi na moja jioni ya siku ya mwisho ya kazi. Ikipita saa hiyo, anakuja kama mgeni kutoka mtaani: anapimwa, anaulizwa, anajibiwa. Jibu Mang Ponso alilijua. Alikuwa amelipiga chapa yeye mwenyewe, kwa watu wengine, mara zisizo na idadi. *Tunasikitika kukujulisha.*

"Watasaini tu," aliniambia garini, akiipapasa bahasha. "Wote watakuwepo huku. Mabosi ni watu wema, ukiwapata wametulia."

Nikatazama ukungu.

Semina yenyewe ilikuwa kama zote. Kila mtu alivalishwa fulana yenye maneno "Kihatarishi Changu, Wajibu Wangu". Tuligawanywa katika timu za rangi. Hakuna aliyetaka kuwa Timu Nyekundu, hivyo nyekundu wakapewa madereva na walinzi. Kabla ya chakula cha mchana Timu Kijani, yaani wakuu wa idara, walicheza ngoma waliyoitunga kuhusu kudhibiti majanga, wakizungusha viuno na kunyoosha vidole, na Bosi Andoy, mkurugenzi mkuu, Leandro Quiambao kwa jina la kadi, alikuwa mbele kabisa. Walishinda. Majaji walikuwa watumishi wao.

Mang Ponso alianza kuzunguka alasiri ile. Nilimfuata kwa umbali, maana kazi yangu ilikuwa kuandika yanayotokea, na ndilo jambo pekee lililokuwa likitokea.

Kwanza alimwendea Jeck, mkuu wa kompyuta, kijana wa nywele za mafuta, aliyekuwa akipiga picha za kahawa yake.

"Bosi Jeck, samahani kwa usumbufu. Hii namba nne, siri za wagonjwa kuvuja kwa wadukuzi. Nilidhani labda, kwa kuwa kompyuta ni zako..."

"Mang Ponso! Mzee wangu!" Jeck akamkumbatia. "Kompyuta ni zangu, ndiyo. Lakini siri si za kwangu, ni za wagonjwa. Nenda kwa Madamu Weng."

"Madamu amesema kila kimoja kiende idara husika."

"Ndiyo hapo sasa. Husika ni nani? Hilo ni swali zito, mzee. Tulipeleke kwenye kamati."

"Mimi natoka kesho, bosi."

"Tutakukumbuka sana," akasema Jeck, na machozi yakamlengalenga kidogo. Wale watu hulia kirahisi. Kusaini ndiko kugumu.

Mkuu wa madai alisema atasaini mwenzake akisaini kwanza. Mwenzake alisema vivyo hivyo. Daktari mkuu wa kampuni, aliyepaswa kupokea maradhi ya mlipuko, alisema yeye kitaaluma ni wa mifupa. Bosi Andoy alimpokea kwa mikono miwili, akamwita nguzo ya nyumba, akauliza hali ya mkewe kwa jina, tena kwa jina la nyumbani.

"Soling hajambo?"

"Anaendelea, bosi. Ndiyo maana nina haraka na hii fomu."

"Usiwe na wasiwasi hata kidogo. Tutaliangalia."

Nimejifunza lugha nyingi, na katika kila moja kuna neno linalosema "hapana" huku likikushika bega. Hilo ndilo lao.

Mwishoni akafika kwa Madamu Weng mwenyewe, kwa jina kamili Rowena Tanchoco, mwanamke wa miwani myekundu aliyekuwa na vyeti vitatu vya usimamizi wa vihatarishi na hakuwa na kihatarishi hata kimoja.

"Madamu, wamekataa wote. Naomba unipokelee wewe, hata kwa sasa."

"Mang Ponso, mimi ni msimamizi. Msimamizi hawezi kumiliki. Ni kanuni ya kimataifa."

"Basi unisainie fomu, Madamu, nami nitavibeba nyumbani kama hapo awali. Sitamsumbua mtu."

"Fomu bila makabidhiano ni kuvunja utaratibu. Unataka nivunje utaratibu? Mimi?"

"Aa, hapana, Madamu. Samahani."

Akaomba samahani! Nilimkuta baadaye kwenye ngazi, akimega mkate wa nazi. Nilikuwa na hasira naye kuliko nao, na nikamwambia.

"Mzee, hawa hawatasaini. Mkeo atakufa kwa adabu yako."

Akatafuna hadi akamaliza. "Wanasaini," akasema. "Wanasaini sana. Wewe hujui. Karatasi zote za mahudhurio nakusanya mimi, tangu mwanzo. Mwaka juzi niliwapa kwa bahati mbaya orodha ya vyakula vya kantini, wakaisaini wote. Bosi Andoy alisaini pembeni mwa samaki wa kukaanga." Akafikiri. "Tatizo ni kwamba nimewaomba. Ukimwomba mtu saini, anaanza kusoma."

Alisema hivyo bila hila, kama mtu anayeeleza tabia za mifugo.

Ijumaa mchana, kabla ya supu ya mifupa na mananasi, palikuwa na bahati nasibu. Zawadi zilipangwa jukwaani: feni, jiko la umeme la kupikia wali, gunia la mchele, na televisheni. Mang Ponso, kama kila mwaka, ndiye aliyewekwa mlangoni na kalamu na kikapu cha tiketi. Safari hii mezani pake palikuwa na rundo la karatasi arobaini na moja. Juu ya kila moja, kwa herufi ambazo ningezisoma kutoka barabarani, paliandikwa: MAKABIDHIANO YA KIHATARISHI. Chini yake: Nimesoma, nimeelewa, nimekubali kuwa mmiliki.

Hakuficha kitu. Nasisitiza, kwa sababu baadaye walitaka ionekane kwamba aliwafanyia ujanja. Alimwambia kila mtu, kwa sauti yake ile ya kunong'ona, "Tafadhali soma kwanza." Lakini muziki ulikuwa juu, harufu ya supu ilikuwa imefika, na televisheni ilikuwa ya inchi hamsini.

"Wapi? Hapa?" walisema, wakasaini, wakanyakua tiketi pamoja na nakala iliyobanwa nayo.

Madereva peke yao ndio waliosoma. Dereva wetu aliishika karatasi yake, akaikazia macho, akairudisha. "Mang Ponso, mimi na kimbunga wapi na wapi? Tiketi baki nayo." Akaingia bila tiketi. Walinzi nao vivyo hivyo. Timu Nyekundu nzima ilikula bila bahati nasibu, na hao ndio watu pekee niliowaona siku mbili zile wakisimamia hatari yoyote.

Bosi Andoy alikuwa amefika mlango ulipofunguliwa tu, na foleni ikampisha mbele, kama kawaida. Rundo lilikuwa limepangwa kwa namba, na mwenye kutangulia alipata namba moja: hospitali kukosa barua za idhini na mgonjwa kukataliwa mlangoni. Akasaini kwa mbwembwe, mkia wa herufi ya mwisho ukatoka nje ya mstari. Madamu Weng alikuwa nyuma yake. Akapata namba mbili. Jeck alichelewa kwa ajili ya nywele, akaangukia tetemeko la ardhi.

Gunia la mchele lilipokwisha kutolewa, Mang Ponso alipita kati ya meza na bahasha yake, akainama kwa Madamu Weng.

"Madamu, samahani kukukatiza. Makabidhiano yamekamilika, na majina nimekwisha kuyaingiza kwenye daftari. Naomba saini yako ya mwisho, niwahi ofisini kabla ya saa kumi na moja."

Akapokea rundo akiwa bado anatabasamu. Nikaliona tabasamu likishuka ukurasa kwa ukurasa.

"Hizi umezipata wapi?"

"Mlangoni, Madamu."

"Watu walidhani ni za tiketi!"

"Sijui walidhani nini, Madamu. Imeandikwa juu."

Neno lilipita mezani kwa kasi ya pilipili. Ndani ya dakika tano ukumbi ulikuwa soko. Wakuu wa idara walisimama na nakala zao mikononi, wakitafutana.

"Nani ana kimbunga? Nakupa kimbunga, nipe mahudhurio hafifu."

"Wewe vipi! Kimbunga kinakuja kila mwaka!"

"Daktari, chukua hii ya madaktari wanaoghushi, si ni wenzako?"

"Wenzangu nani? Chunga mdomo, bwana!"

"Hivi kuna mtu anajua," Jeck akauliza, na sauti yake ilikuwa imepoteza mafuta yote, "lile jengo letu lina nguzo za aina gani? Namuuliza yeyote. Nyaraka za wagonjwa si ziko ghorofa ya chini?"

Hakuna aliyejua. Katika miaka kumi na miwili lilikuwa ndilo swali la kwanza la kweli kuulizwa na kamati ile, na liliulizwa na mtu mwenye mfupa wa ng'ombe mkononi.

Bosi Andoy akamwita Madamu Weng pembeni. Nilikuwa nimesimama karibu na sufuria, na matajiri husahau kwamba mwandishi ana masikio.

"Futa," akasema. "Zote. Chana."

"Nikichana, bosi, daftari linadai sababu. Sanduku la sababu haliachwi tupu."

"Andika walikosea."

"Niandike kwamba uongozi wote wa kampuni ulisaini bila kusoma? Linafika serikalini Jumatatu. Kuanzia na jina lako?"

Bosi akatazama jukwaa, kisha akatazama mkia wa saini yake. Nikaona akipima, na alichokuwa akipima hakikuwa wagonjwa mlangoni wala Soling. Alikuwa akipima aibu mbili, ipi inaonekana zaidi. Hiyo ndiyo taaluma yao nzima. Vyeti na rangi ni mapambo.

"Msainie aende," akasema. Kisha akageuka, akapaza sauti, akafungua mikono. "Mang Ponso! Nguzo yetu! Njoo tupige picha!"

Madamu Weng akasaini fomu, kalamu ikichimba karatasi.

Mang Ponso alisimama katikati ya picha, akainamisha kichwa kidogo asiwafunike mabosi waliokuwa nyuma yake. Ilikuwa saa saba na nusu. Nikampeleka hadi langoni, ambako pikipiki ya kigari ilikuwa ikingoja kumfikisha kituo cha basi. Alikuwa na haraka, na kwa mara ya kwanza haikuwa haraka ya mtu mwingine.

"Ungeweza kufanya hivi miaka kumi iliyopita," nikamwambia.

"Miaka kumi iliyopita Soling alikuwa mzima," akasema. Akaihakiki fomu mara ya mwisho, saini kwa saini, akiisoma yote hadi chini. Kisha akaingia kigarini, akakunja miguu, akamwambia mwendeshaji, "Twende, kaka. Na usisimame popote," na sauti yake, nakiri, ilikuwa amri.

Mimi nilibaki. Gari la kampuni lilikuwa linaondoka saa kumi, na nilikuwa na taarifa ya kuandika. Niliporudi ukumbini, sahani zilikuwa zikikusanywa, na Bosi Andoy alikuwa ameketi peke yake na Madamu Weng, karatasi yake imekaa kati ya glasi mbili.

"Andika kwamba washiriki walichangamka," akaniambia. Kisha akamgeukia mwenzake, akagonga karatasi kwa kidole. "Sasa hii namba moja. Hospitali ikipiga simu, hawana barua, mgonjwa yuko mlangoni. Huwa tunafanyaje?"

Madamu Weng akavua miwani yake myekundu, akaifuta kwa pindo la fulana.

"Huwa wanampigia Mang Ponso," akasema.